PEPO YA MDOMONI, MZIGO WA MGONGONI: WALEZI WA MAYATIMA NA SISI TUNAOWASIFU



Ndugu zangu katika imani, somo la leo ni refu na litawaudhi baadhi yenu. Naomba ulisome mpaka mwisho kabla hujajibu.

Tukikutana na mama anayelea mayatima, maneno yetu ni yale yale: "Hongera mama, wewe Peponi uko jirani na Mtume." Na ni maneno ya kweli. Amepokea Bukhari kutoka kwa Sahl bin Sa'd (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alionesha ukaribu wake na mlezi wa yatima huko Peponi kwa vidole vyake viwili, cha shahada na cha kati, akaviachanisha kidogo. Hakuna Muislamu anayeipinga hadithi hii.

Lakini tazama tunavyoitumia. Mama anasema amechoka, tunamjibu kwa hadithi. Anasema usiku hapati usingizi, tunamjibu kwa hadithi. Anasema mtoto amerudishwa shuleni kwa kukosa sare, tunamjibu kwa hadithi hiyo hiyo, kisha tunapanda bodaboda tunaondoka. Hadithi iliyokuja kutusukuma sote tuwe walezi, tumeigeuza njia ya kumtwisha mtu mmoja ili sisi tupone.

Hilo ndilo ninalolipinga leo. Ninasema waziwazi: kumsifu mlezi wa yatima huku umemwacha peke yake si dini. Ni kukwepa dini kwa kutumia maneno ya dini.

NANI HASA ANAYELEA?

Ukitoka mjini Arusha kuelekea Tengeru na Usa River, barabarani utaona vibao vya vituo vya kulelea watoto. Wageni wanashuka Kilimanjaro, wanapanda mlima, wanakwenda mbugani, na wengine wanapitia vituoni kupiga picha na watoto. Ukiangalia vibao hivyo unaweza kudhani mayatima wetu wote wako huko.

Hawako huko. Walio wengi wako majumbani. Wako Ngarenaro, Unga Limited, Sombetini, Daraja Mbili, Muriet. Wako juu Meru kwenye migomba na kahawa. Wanalelewa na bibi, mama mkubwa, mama mdogo, shangazi, au dada mkubwa ambaye mwenyewe hajaolewa. Baba alikufa barabarani, au alikwenda Mirerani kutafuta tanzanite na hakurudi. Mafuriko ya migodi ile mwezi Machi 2008 yaliua makumi ya wachimbaji. Kila mchimbaji mwenye watoto aliacha mlango mmoja mahali fulani uliotakiwa kufunguliwa. Hatukujiuliza walioufungua walikuwa na nini ndani.

Sasa mfikirie bibi wa miaka 62 ambaye binti yake amefariki wakati wa kujifungua. Sheria yetu inampa mjane eda ya miezi minne na siku kumi. Ndugu wengine wa marehemu, akiwemo mama mzazi, tanga lao haliruhusiwi kuzidi siku tatu. Hii ni hukumu ya Allah na ina hekima yake. Lakini siku ya nne bibi huyu anaamka na wajukuu watatu mikononi. Mmoja ni mchanga, anataka maziwa. Wa kati amerudia kukojoa kitandani. Mkubwa hasemi na mtu. Bibi hajamaliza kumlilia mwanawe, na tayari ameshakuwa mama upya. Saa kumi alfajiri anakanda unga wa mandazi, mchana yuko gengeni, na usiku wa baridi ya mwezi wa saba anaamka mara tatu kumfunika mtoto.

Mtu huyu akilia, akiwa na hasira, akisahau chumvi kwenye mchuzi, akipata presha, wewe unashangaa nini?

"ANGEKUWA NA IMANI ASINGECHOKA"

Hili ni jibu la kwanza linaloniudhi. Wapo wanaosema msongo wa mawazo na sonona ni maradhi ya wasiomjua Allah, na kwamba mwenye sabri hachoki.

Fungua Suratu Yusuf, aya ya 84. Nabii Ya'qub (a.s.) alihuzunika kwa kumkosa mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe. Nabii! Tena ndiye yule yule aliyesema subira yake itakuwa subira njema. Subira na machozi vilikaa katika mtu mmoja, katika nyumba moja, kwa miaka. Basi anayesema machozi ni ushahidi wa udhaifu wa imani, aanze kwanza na Ya'qub, aone atakavyojibiwa.

Na kuna kisa cha Salman na Abu Dardaa (r.a.) kilichomo katika Bukhari. Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku kucha. Salman akamlalia nyumbani, akamlazimisha ale, akamlazimisha alale, akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wake wana haki juu yake. Habari ilipofika kwa Mtume (s.a.w.), alisema Salman amesema kweli. Ikiwa mtu anazuiwa kuimaliza nafsi yake kwa swala na saumu za sunna, vipi tumwambie bibi aimalize nafsi yake kwa kufua na kupika, eti kwa sababu ni ibada?

Subira maana yake si kunyamaza mpaka udondoke. Mwenye subira humshitakia Mola wake, na huwaambia watu hali yake ili asaidiwe. Kwenda Hospitali ya Mount Meru kupima presha, kumweleza daktari kwamba hulali na kwamba kuna siku unatamani usiamke, hakupunguzi imani. Huko ni kutafuta dawa, na tumeamrishwa kutafuta dawa.

"ASITAKE MALIPO, ATAPUNGUZA THAWABU"

Jibu la pili ni la wajanja. Mlezi akiuliza kuhusu pesa za marehemu, wanamwambia anatafuta dunia kupitia mayatima.

Subhaanallah! Suratun-Nisaa aya ya 6 imelimaliza hili. Msimamizi wa mali ya yatima akiwa tajiri ajizuie. Akiwa fukara, atumie kwa kadiri inayokubalika. Allah mwenyewe ametambua kwamba anayesimamia anaweza kuwa fukara, na hakumwambia afe njaa ili apate thawabu. Na mafakihi wetu wa Kishafi wamesema gharama ya ulezi hutolewa kwenye mali ya mtoto ikiwa anayo, na kama hana humwangukia yule anayelazimika kumlisha. Maana yake kazi ya ulezi ina thamani inayohesabika. Haikuwa ya bure kwa kuwa anayeifanya ni mwanamke na ni ndugu.

Siku ya kuanua tanga, angalia nani yuko kwenye kikao. Baba wadogo na baba wakubwa wamejaa. Pikipiki ya marehemu imepata mtu wa kuitunza. Kiwanja cha Olasiti kimepata mtu wa kukiangalia. Televisheni imepata mahali pa kuhifadhiwa. Watoto je? "Watoto waende kwa bibi, wanampenda sana." Mali imegawanywa kwa wanaume wanne, watoto wanne wamekwenda kwa mwanamke mmoja!

Suratun-Nisaa aya ya 10 inasema wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Pikipiki ile unayoifanyia biashara ya bodaboda na watoto wa mwenye pikipiki hawana viatu, ni moto unaoendesha. Wallahi, ni moto.

Najua atatokea msomi aniandikie hapo chini: "Shekhe, kwa madhehebu ya Imam Shafi'i nafaka humlazimu babu na walio juu yake, haimlazimu ami." Kweli, maulamaa wamehitilafiana. Imam Abu Hanifa na Imam Ahmad wamepanua zaidi, na wametoa hoja kwa aya ya 233 ya Suratul-Baqara inayomtaja mrithi. Lakini nakuuliza wewe unayejificha nyuma ya madhehebu wakati wa nafaka: mbona wakati wa mirathi hukujificha? Mbona siku ile hukusema wewe si wa karibu?

Na hata kama nafaka haikulazimu, kuna aya ya 8 ya sura hiyo hiyo inayoamrisha kuwapa kitu jamaa, mayatima na masikini wanaohudhuria mgawanyo. Na kuna aya ya 9 inayomtaka kila mtu afikirie: je, ningekufa mimi nikaacha watoto wanyonge nyuma yangu? Unavyowafanyia wa kaka yako, ndivyo ungependa wafanyiwe wako?

UZI WA JA'FAR

Tuache maneno ya watu, tutazame walivyoishi waliotutangulia. Nataka ufuatilie jina moja tu: Ja'far bin Abi Talib (r.a.).

Abu Talib alikuwa na watoto wengi na mali kidogo, na ndiye aliyemlea Mtume (s.a.w.) alipofiwa na babu yake. Ukame ulipowapiga Makureshi, Mtume hakwenda kwa ami yake kumpa pole na kumsifu. Alikwenda kwa ami yake mwingine, Abbas, aliyekuwa na uwezo, wakafuatana mpaka kwa Abu Talib kumpunguzia mzigo. Abu Talib akaomba abakiziwe Aqil. Mtume akamchukua Ali, Abbas akamchukua Ja'far. Ndivyo ilivyopokewa katika Sira ya Ibn Ishaq. Angalia: waliona nyumba imeelemewa, wakagawana watoto. Hakuna aliyesema Abu Talib ana kasoro kwa kuelemewa.

Miaka ikapita. Hamza (r.a.) akauawa Uhud, akaacha binti mdogo Makka. Mwaka wa 7 Hijria, Waislamu wanatoka Makka baada ya Umra, binti yule akawafuata mbio akiita ami, ami. Watu watatu wakagombania kumlea: Ali, Zaid na Ja'far. Kila mmoja akaleta hoja yake. Mtume (s.a.w.) akahukumu aende kwa Ja'far, kwa kuwa mkewe Asmaa bint Umais alikuwa mama mdogo wa mtoto, na akaeleza kwamba dada wa mama yuko mahali pa mama. Imo katika Bukhari. Yaani Ja'far, mtoto aliyepokelewa na Abbas siku za ukame, amekua na yeye akapokea.

Na haukupita mwaka. Mwaka wa 8 Ja'far akauawa Muta. Nyumba iliyopokea yatima ikawa nyumba ya mayatima. Je, Mtume alifanya nini? Alikwenda mwenyewe, akaita watoto, akawakumbatia huku macho yake yakitoa machozi. Akaamrisha jamaa zake wawapikie watu wa Ja'far kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Baada ya siku tatu akarudi, akaita kinyozi awanyoe watoto. Na Asmaa alipomwelezea uyatima wa watoto na hofu yake juu yao, hakumwambia imani yako ndogo. Alimtuliza kwa kumweleza kwamba yeye mwenyewe ndiye msimamizi wao duniani na Akhera. Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad.

Chakula. Kinyozi. Kurudi tena baada ya siku tatu. Na dhamana ya mtu mwenye uwezo. Hiyo ndiyo sunna. Walikuwa watu watatu wanagombania mtoto mmoja. Leo sisi ndugu kumi tunamkimbia mtoto mmoja, halafu tunamfundisha aliyebaki naye maana ya sabri!

Na Umar (r.a.) alipoletewa habari ya mtu aliyemwokota mtoto mchanga, alimwachia amlee, na akasema matumizi ya mtoto yatakuwa juu yao, yaani hazina ya Waislamu. Imo katika Muwatta ya Imam Malik. Mkono wa kulea ni wako, gharama ni yetu. Huo ndio mgawanyo wa Kiislamu.

KWA NINI HILI NI LA YATIMA PIA

Asije mtu akasema nimewasahau watoto nikiwatetea wakubwa. Anayeumia mlezi akielemewa ni yatima. Mlezi asiyelala anapiga kwa kosa dogo. Mtoto aliyefiwa anaficha mkate chini ya godoro kwa kuogopa kesho hakutakuwa na chakula. Mlezi aliyechoka anaona mwizi. Mtoto amenyamaza kwa majonzi. Mlezi aliyechoka anaona kiburi, na jirani anaongeza kwamba ana jini. Hapo ndipo aya ya 9 ya Suratudh-Dhuhaa inapovunjwa, ile inayokataza kumwonea yatima. Uchovu hauhalalishi dhulma, na mlezi anayepiga kupita kiasi atajibu mbele ya Allah. Lakini na sisi tuliomwona anazama tukapita, tutajibu. Kumtunza yatima ni faradhi ya kutosheleza: akisimama wa kutosha, wengine wameokoka, asiposimama wa kutosha, tumeingia dhambini sote. Je, bibi mmoja mwenye presha na watoto watano ni wa kutosha?

TUFANYE NINI?

1. Kila msikiti uwe na daftari. Katika jamaa zetu wa swala, nani anaishi na watoto wasio wake? Wangapi? Wanasoma wapi? Tunajua nani hajalipa mchango wa zulia, hatujui nani analea mayatima.

2. Zaka zifike majumbani. Uyatima peke yake haumpi mtu zaka, ila ufukara na umasikini unampa, na nyumba nyingi hizi zimejaa umasikini. Na wewe dada unayemlisha mtoto wa marehemu ndugu yako kwa kipato chako, furahi: Zainab, mke wa Ibn Mas'ud, aliuliza kuhusu kuwapa sadaka mumewe na mayatima anaowalea, akajibiwa kwamba ana malipo mawili, ya udugu na ya sadaka. Wamepokea Bukhari na Muslim.

3. Mpe mlezi muda. Siku moja katika wiki, familia nyingine iwachukue watoto asubuhi mpaka Magharibi. Bibi alale, aende kwa daktari, akae na wenzake, asome Qur'ani yake kwa utulivu. Hili halihitaji harambee wala mfadhili. Linahitaji ufungue mlango wako.

4. Wanaume waingie. Mtoto wa kiume wa miaka 12 anahitaji mwanamume wa kwenda naye msikitini, wa kumkatisha nywele, wa kuzungumza naye anapobaleghe. Usimwachie bibi hata hilo.

5. Fuata sheria. Nenda Mahakama ya Mwanzo mirathi ifunguliwe mapema, kabla pikipiki haijabadilishwa rangi. Watoto wapatiwe vyeti vya kuzaliwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua malezi ya kambo, na kila halmashauri ina maofisa ustawi wa jamii. Waendee, iwe Jiji, Arusha DC au Meru. Ndugu zetu wa Zanzibar wameitambua hata kafala yenyewe katika Sheria yao ya Mtoto ya mwaka 2011.

6. Acheni kamera. Mfuko wa mchele na mafuta lita tatu, halafu picha kumi za mtoto akipokea huku uso wake unaonekana. Huyo mtoto kesho anakwenda shule na wenzake wameshaiona hiyo picha. Ulichompa kimeliwa wiki moja, fedheha inabaki.

KWAKO MLEZI

Mama, shangazi, bibi, na wewe kaka uliyechukua watoto wa dada yako: kuchoka kwako si dhambi. Kutamani siku moja ya kimya si kuwachukia watoto. Kusema "nimezidiwa, nisaidieni" si kuvunja ahadi uliyompa marehemu. Aya ya mwisho ya Suratul-Baqara imesema Allah haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Basi ukiona umekalifishwa kuliko uwezo, jua ziada hiyo hukutwishwa na Allah. Umetwishwa na ndugu zako waliokaa pembeni. Warudishie sehemu yao. Waite kikao, uwape hesabu, mtoto mmoja mmoja, senti kwa senti. Wakikataa, njoo msikitini mchana kweupe, nasi tutawaita.

Na ukihisi hasira imekupanda mpaka mkono unatetemeka, toka nje, tia udhu, mwite jirani akae na watoto nusu saa. Jirani, ukiitwa, nenda.

Ewe Mola wetu, Wewe uliyemkuta Mtume wako yatima ukampa makazi, wape makazi mayatima wetu. Wape nguvu wanaowalea, waponye miili yao na vifua vyao, wape usingizi. Waamshe ndugu waliolala juu ya haki za watoto. Utusamehe kwa kila mlango tuliopita bila kubisha. Aamiin.

Ukimaliza kusoma, kabla hujamtumia mwingine ujumbe huu, mpigie simu mlezi mmoja unayemjua. Usimwambie hongera. Muulize: "Jumamosi niwachukue watoto saa ngapi?"

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaah.